Kisu kipya cha kukunja chenye kasoro: kukirudisha dukani, kukipeleka kwa mtengenezaji au kukirekebisha mwenyewe

Anayenunua kisu kipya cha kukunja na kukuta kina kasoro ya kiwandani ana njia tatu mbele yake: kukirudisha kwa muuzaji, kukipeleka kwa mtengenezaji chini ya dhamana, au kukirekebisha mwenyewe, iwe kwa mikono yake au kwa mikono ya fundi. Wengi huamua kwa kutazama bei, kwamba kisu cha bei ndogo kirekebishwe au kitupwe na cha bei kubwa kirudishwe. Naona kigezo hicho kinapotosha. Kinachopaswa kuamua ni mahali kasoro ilipo. Ikiwa ipo kwenye sehemu inayozuia bapa lisikunjike juu ya vidole, au lisifunguke lenyewe mfukoni, mnunuzi hapaswi kuigusa kwa tupa wala kwa koleo, hata kiwe kisu cha bei ya chini kabisa sokoni. Ikiwa ipo kwenye makali, kwenye mkao wa bapa au kwenye ugumu wa kulikunjua, kukirudisha mara nyingi ni kupoteza muda na nauli, kwa kuwa kazi yenyewe humalizika mezani kwa bisibisi, kinoo na tone la mafuta.

Ukaguzi huja kwanza

Uchaguzi wote unategemea ukaguzi uliofanywa kisu kikiwa hakijatumika, kwa sababu muuzaji na mtengenezaji huuliza swali lilelile: kasoro hii imetoka kiwandani au umeisababisha wewe? Kisu ambacho hakijakata hata kamba hujibu swali hilo chenyewe.

Kikunjue taratibu, ushike mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa vidole viwili vya mkono wa pili, kisha ulisukume bapa kushoto na kulia, halafu juu na chini. Hizo ni kasoro mbili tofauti, ingawa mkononi zinaweza kuonekana kama moja. Bapa linalocheza kushoto na kulia kwa kawaida lina skrubu ya mhimili, ile ambayo bapa huzunguka juu yake, iliyolegea. Bapa linalocheza juu na chini lina loki, yaani sehemu inayolizuia lisikunjike, isiyokaa sawasawa, na ukiendelea kukaza skrubu ya mhimili utakachopata ni kisu kigumu kukunjua ambacho bado kinacheza vilevile.

Baada ya hapo weka vidole mbali na njia ya makali, ubonyeze mgongo wa bapa kwa kiganja kana kwamba unataka kulikunja, ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Loki nzuri haisogei. Wapo wanaopiga mgongo wa bapa mezani kwa kishindo ili kuona kama loki itaachia. Siwaungi mkono, kwa kuwa pigo la namna hiyo linaweza kuharibu loki iliyokuwa nzima na kumpa muuzaji sababu ya kukataa kukipokea kisu. Mwisho kikunje, ukielekeze upande wa ncha chini na kukitikisa kwa kiasi ili kuona kama bapa litaanza kutoka lenyewe, kisha upitishe kipande cha kitambaa chepesi juu ya ufa wa mpini, yaani nafasi ambamo bapa hulala. Kitambaa kikinaswa, ncha imechomoza, na mkono utakaoingia mfukoni kutafuta funguo utanaswa hivyohivyo.

Kabla ya kutoa hukumu, kisafishe. Visu vipya hutoka kiwandani vikiwa na grisi nzito na wakati mwingine vumbi la kung'arishia chuma, na uchafu mdogo ukikaa kwenye pengo la loki unatosha kuizuia isishuke mpaka mwisho. Hali hiyo huonekana wazi kwenye visu vyenye loki ya mgongoni, kama Buck 110 iliyotoka Marekani katika miaka ya 1960, ambamo mkono wa chuma hushuka ndani ya pengo lililochongwa nyuma ya bapa. Safisha pengo hilo kwa kijiti cha meno na kitambaa, kisha urudie kipimo. Kwa visu vya Victorinox, ambavyo vimeunganishwa kwa pini zilizopigwa na havina skrubu ya mhimili ya kukaza, maji ya vuguvugu yanatosha: kunjua na kukunja bapa ndani ya maji mara kadhaa, likaushe vizuri, kisha tia tone moja la mafuta kwenye maungio. Kasoro itakayobaki baada ya usafi huo ndiyo kasoro ya kweli.

Dukani au kwa mtengenezaji?

Faida kubwa ya kurudi dukani ni kwamba unapewa kisu kingine kizima siku hiyohiyo, na unaweza kukikagua palepale. Udhaifu wake ni kwamba kisu cha pili huenda kimetoka katika shehena ileile, hivyo kikawa na ugonjwa uleule. Ndiyo maana nashauri kuomba kufunguliwa maboksi mawili au matatu kabla ya kukubali kubadilishiwa. Kasoro ikijirudia katika yote, usiendelee kubadilisha. Omba fedha zako au uchague kisu cha aina nyingine.

Tatizo la kwetu ni lile tangazo lililoandikwa kwenye risiti au kubandikwa ukutani kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Tangazo hilo si neno la mwisho. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, na ile ya Tanzania, Sura ya 214, zote zimechota kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na zinaweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo yake na mtu anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaofaa kuuzika. Hata hivyo sharti hilo lina mpaka ambao wanunuzi wengi hawaujui: mnunuzi akiwa ameikagua bidhaa kabla ya kununua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuifichua. Kwa hiyo anayekikunjua kisu Kariakoo au River Road, akaona bapa linagusa ubavu wa mpini na bado akalipa, amejipunguzia nguvu ya kulalamika. Ukiona kasoro na bado unakitaka kisu, mwombe muuzaji apunguze bei au aandike kasoro hiyo kwenye risiti pamoja na ahadi ya kukibadilisha.

Msomaji aliye Ulaya ana nafasi pana zaidi. Nchini Uingereza, Sheria ya Haki za Mtumiaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukikataa kitu chenye kasoro na kurudishiwa fedha zote. Baada ya hapo muuzaji hupewa kwanza nafasi ya kukitengeneza au kukibadilisha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dhamana ya kisheria ni ya miaka 2, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Kwa aliye Uingereza naongeza tahadhari moja: huko kisu chenye loki hakibebwi hadharani bila sababu ya msingi, kwa hiyo ukienda kukirudisha dukani kiache ndani ya kasha lake lililofungwa, pamoja na risiti.

Njia ya mtengenezaji hushinda pale ambapo muda wa muuzaji umekwisha, au kasoro inahitaji mtu mwenye vipuri na vipimo vya kiwandani. Buck wa Marekani na Victorinox wa Uswisi, kwa mfano, hutoa dhamana ya maisha dhidi ya kasoro za malighafi na za utengenezaji. Uchakavu wa kawaida na matumizi mabaya havimo. Springi iliyokatika au loki iliyochongwa vibaya itashughulikiwa na mtu anayeifahamu. Lakini pima gharama kwa makini. Opinel namba 8 ya Ufaransa, yenye bapa la sentimita 8.5 na mpini wa mbao, ni kisu cha bei nafuu, na kukisafirisha kwa kampuni ya vifurushi kutoka Dar es Salaam hadi kwa aliyekitengeneza kunaweza kuzidi bei ya kisu chenyewe. Kisu kinaporudi, forodha wanaweza kukihesabu kuwa bidhaa mpya iliyoagizwa iwapo karatasi zake hazionyeshi kwamba kilikwenda matengenezo. Zaidi ya hayo, watengenezaji wengi hutaka risiti ya muuzaji wanayemtambua, na aliyeuziwa kisu bandia chenye nembo maarufu hana pa kwenda isipokuwa kwa yuleyule aliyemuuzia.

Kwa hiyo, kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, napanga hivi: kasoro ya loki katika kisu cha bei ndogo iende dukani mara moja, na muuzaji akikataa, kisu kiwekwe kando na kisitumike. Kasoro ya loki katika kisu cha bei kubwa ianzie dukani na, ikishindikana, ipelekwe kwa mtengenezaji hata kama itachukua wiki nyingi. Kasoro nyingine zote zipimwe kwanza dhidi ya njia ya tatu.

Kazi ya mezani

Kasoro inayolalamikiwa sana, na ambayo haistahili safari ya kwenda popote, ni bapa lisilokaa katikati ya mpini kisu kinapokunjwa. Likikaribia ubavu mmoja bila kuugusa, ni suala la macho tu. Likiugusa, litajikwaruza kila unapolikunja, na hapo inafaa kulirekebisha.

Visu vingi vya siku hizi vyenye skrubu hutumia vichwa vya Torx, yaani nyota yenye pembe sita, na saizi zinazokutwa mara nyingi ni T6, T8 na T10. Nunua bisibisi nzuri, kwa sababu ncha laini ya bei rahisi hukwangua kichwa cha skrubu na kuzaa kasoro ambayo haikutoka kiwandani. Legeza kidogo skrubu za mwili, zile zinazoshikanisha pande za mpini, bila kuzitoa, kunja bapa, kisha ingiza kipande cha kadi laini iliyokunjwa kati ya bapa na ubavu linaouegemea ili kulisukuma lirudi katikati. Kaza skrubu za mwili moja baada ya nyingine kwa zamu, kadi ikiwa bado imo, na uitoe mwishoni. Skrubu ya mhimili huzungushwa kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko kwa mara moja, ukikunjua na kukunja kila baada ya kuigusa, mpaka bapa liache kucheza huku likiendelea kusogea kwa urahisi. Mara nyingi tofauti kati ya kulegea na kukwama ni upana wa unywele, na subira ndiyo inayoleta mafanikio hapa.

Skrubu isiyotaka kugeuka huenda imetiwa gundi ya nyuzi za skrubu kiwandani. Usilazimishe. Gusisha ncha ya moto ya pasi ya kulehemu kwenye kichwa cha skrubu kwa muda mfupi ili gundi ilainike, huku ukiangalia kwamba mpini wa plastiki au mbao hauungui, kisha jaribu tena. Skrubu inayojilegeza kila mara ina tatizo la kinyume: itoe, ifute mafuta, ipake kidogo sana gundi ya nyuzi za skrubu ya rangi ya buluu kwa kijiti cha meno, na ukiache kisu siku nzima kabla ya kukitumia. Gundi nyekundu usiitie kwenye kisu, kwa kuwa huitoi bila joto kali.

Soma karatasi ya dhamana kabla ya kuanza. Baadhi ya watengenezaji hufuta dhamana kisu kikifunguliwa kabisa, na ukishazigusa skrubu zote muuzaji pia ana haki ya kuuliza ulikuwa unafanya nini. Hilo ndilo gharama halisi ya njia ya tatu, wala si bei ya bisibisi.

Kisu chenye mpini wa mbao chafaa kutajwa peke yake, hasa kwa wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja. Mpini wa Opinel hunyonya unyevu wa hewa, mbao huvimba na kulibana bapa mpaka kucha haiwezi kulitoa. Mnunuzi wa pwani anaweza kudhani kwamba amepewa kisu kibovu, ilhali kisu hichohicho kingelegea kikipelekwa Dodoma. Watu wa Savoie ya Ufaransa, mlimani kilikozaliwa kisu hiki mwaka 1890, wana dawa yao ya kale: huigeuza pete ya loki ifunguke, kisha hugonga kisigino cha mpini juu ya kitu kigumu, na bapa huchomoza kiasi cha kushikika. Kwa tiba ya kudumu zaidi, kiache mahali pakavu kwa siku kadhaa, halafu ukwangue kidogo ndani ya ufa wa mpini kwa msasa laini uliofungwa kwenye kadi, na upake mafuta kwenye mbao ili zisinyonye unyevu haraka. Opinel haina skrubu ya mhimili. Bapa lake limeshikwa kwa pini, kwa hiyo likicheza sana kushoto na kulia likiwa jipya, kibadilishe. Bapa la chuma cha kaboni litashika kutu pwani lisipofutwa na kupakwa mafuta, na kutu ya namna hiyo haihesabiki kuwa kasoro ya kiwandani isipokuwa uliikuta ndani ya kasha.

Makali nayo hayafai kuwa sababu ya kurudisha kisu, isipokuwa yamepasuka au yamemeguka. Kisu kipya kinaweza kuja butu, au kikiwa na upande mmoja uliochongwa kwa upana zaidi kuliko mwingine, au na ukingo mwembamba wa chuma uliobaki baada ya kunolewa. Pitisha pamba taratibu kuelekea kwenye makali: ikinasa upande mmoja, ukingo huo upo, na misugo michache myepesi kwenye kinoo laini itauondoa. Makali yaliyopinda upande mmoja huchukua vikao vichache vya kunoa. Wakati mwingine chuma cha ukingoni huwa kimepata joto kupita kiasi katika kunolewa kiwandani, hivyo kisu kikaisha makali haraka kwa siku za mwanzo. Kikinolewa kwa mkono mara mbili au tatu, chuma kizima cha chini yake hufikiwa na makali huanza kudumu.

Hapa nina ombi kwa anayependelea kumpelekea fundi wa mtaani. Fundi mwenye jiwe la maji na mkono mzoefu atakuhudumia vyema. Fundi anayechukua grainda kavu na kurusha cheche atakuharibia bapa kwa dakika moja, kwa sababu chuma kinachogeuka buluu kimefikia nyuzi joto 300 hivi, na ugumu kiliopewa kiwandani umepungua mahali hapo.

Loki ya bamba, ile ambayo kipande cha chuma cha ndani ya mpini hujipenyeza nyuma ya bapa, mara nyingine hunata ikiwa mpya hata kidole gumba kikapata shida kuisukuma. Kupaka penseli ya kawaida kwenye uso unaogusana hupunguza kunata huko, na hali yenyewe hupungua kadiri kisu kinavyotumika. Usitie mafuta hapo. Uso huo unahitaji kushika.

Yasiyofaa kuguswa

Kunata ni jambo moja, kutoshika ni jingine. Tazama bamba la loki bapa likiwa limekunjuliwa. Likiwa limeingia robo mpaka nusu ya upana wa kisigino cha bapa, yaani sehemu yake ya nyuma iliyo karibu na mhimili, limekaa vizuri na lina nafasi ya kusogea kadiri chuma kinavyosuguana kwa miaka. Likiwa linagusa ukingoni tu, linaweza kuteleza. Likiwa tayari limevuka mpaka upande wa pili katika kisu kipya, halina pa kwenda likichakaa. Wapo wanaolikunja bamba kwa koleo ili lisukume zaidi, na kisu huonekana kimepona. Siwezi kumshauri mtu yeyote kufanya hivyo katika kisu ambacho bado kina haki ya kubadilishwa, kwa kuwa pembe ya uso wa loki huchongwa kwa usahihi ambao jicho na tupa havifikii, na anayelipia kosa ni mwenye vidole.

Hukumu ni hiyohiyo kwa bapa linalofunguka lenyewe kisu kikiwa kimekunjwa, kwa springi iliyopasuka, kwa ufa wowote kwenye bapa, na kwa ncha inayochomoza. Ni kweli kwamba katika visu vya kienyeji vya springi, visivyo na loki, mafundi wa visu hupunguza kwa tupa kijipande cha kisigino cha bapa ili bapa lizame zaidi ndani ya mpini. Lakini ukizidisha kidogo tu, makali huanza kugonga springi kila unapokunja, na chuma kilichokwishaondolewa hakirudi.

Mikwaruzo, rangi isiyolingana na nafasi ndogo kati ya mbao na chuma ni mambo ya bei. Omba kupunguziwa, au kiache kisu dukani.

Ukiamua kukirudisha, eleza kasoro kwa sentensi moja inayopimika, kwa mfano "bapa linacheza juu na chini likiwa limefungwa na loki", badala ya kusema kisu ni kibovu. Ambatisha picha ya loki kwa karibu, picha ya kisu kikiwa kimekunjwa na kutazamwa kutoka juu, na picha ya risiti. Usikinoe kabla ya kukituma, kwani makali mapya yataonyesha kwamba kilitumika. Kikunje, ukizungushie karatasi na utepe imara ili kisifunguke mikononi mwa atakayepokea kifurushi, na kama mpwa wako anayesafiri ndiye atakayekipeleka, kiwe katika begi linalopakiwa chini ya ndege, kwa sababu kwenye begi la mkononi kitachukuliwa uwanjani.